Samaki wa Pak Carik

Pak Marwoto alikuwa na hasira na bahari. Alisimama kwenye mchanga mweusi wa ufukwe wa Samas, suruali kaikunja hadi magotini, kofia kaifunga kamba chini ya kidevu, akiyakodolea macho mawimbi kama mtu aliyekosewa adabu. Tangu astaafu alikuwa akija hapa kila alasiri kujifunza kuvua kutoka ufukweni, na bahari haikuwahi kumpa hata samaki wa kumtupia paka.

Aliwaambia waliosimama jirani naye kwamba bahari hii ina roho mbaya. Wakaitikia kwamba ni kweli kabisa, bahari ya siku hizi si ile ya zamani. Waongo wakubwa. Kila mmoja alikuwa na kolekole wawili watatu kwenye ndoo yake, na ndoo zote zilikuwa zimefunikwa mataulo ili Pak Carik asije akajisikia vibaya.

Pak Carik, yaani Bwana Karani, ndivyo walivyomwita bado. Alikuwa karani mkuu wa kijiji miaka na miaka, na sisi watu wa Bantul hatumvui mtu cheo chake kwa sababu tu serikali imemvua. Na mtu wa cheo hicho, kwetu, haambiwi kwamba anakosea. Unaitikia, unatabasamu, unatazama pembeni. Tunauita ustaarabu. Mimi sijui tuuite nini.

Maana mtu yule alikuwa akikosea waziwazi. Chambo cha pale ni undur-undur, kidudu chenye gamba laini kinachojifukia mchangani wimbi linaporudi. Ukikitunga kwenye ndoana, ukakifunga uzi, ukarusha taratibu, kinafika majini kizima. Pak Marwoto hakufunga uzi, na alirusha kwa nguvu zake zote, ufito wake wa kuvulia ukivuma. Chambo kilichanika hewani na ndoana ikafika majini tupu. Tena ilifika mbali, nyuma kabisa ya mawimbi, ilhali samaki walikuwa wakila kwenye mfereji wa chini ya maji ulio hapa karibu, ambapo mtoto angeweza kutupa jiwe.

Wote waliliona hilo. Kang Tukijan, aliyesimama jirani yake siku zote, mkulima wa vitunguu mwenye mikono migumu, alikuwa akifunga uzi chambo chake huku amempa mgongo, asije akaonekana anamfundisha mkubwa. Kisha aligeuka na kusema kwa upole, "Umefika mbali, Pak Carik. Bado uvumilivu tu."

Basi mzee wa watu akavumilia. Wakamvisha kilemba cha ukoka alasiri baada ya alasiri, naye akarudi nyumbani na ndoo kavu akimlaumu aliyemuuzia ufito, aliyemuuzia chambo, na mwezi.

Asingejali sana kama si mdomo wake mwenyewe. Binti yake Wening alikuwa amechumbiwa na kijana wa Cilacap, na wazazi wa kijana walipokuja mara ya kwanza, baba mtu, Rasikun, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alimuuliza mbele ya wageni wote, "Sasa umestaafu, mkwe mwenzangu, unashinda unafanya nini? Unahesabu mijusi darini?" Watu wa Cilacap ndivyo walivyo, hawana pazia mdomoni. Ukumbi mzima uliinamia vikombe vya chai. Pak Marwoto, akiwa ameshikwa pabaya, akajibu kwamba yeye ni mvuvi siku hizi, na safari ijayo, watakapokuja kupanga siku ya harusi, watakula samaki wa mkono wake.

Mkewe, Bu Sudarti, alimfinya paja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Siku ya wageni ilipokaribia, Bu Sudarti alimshauri anunue sokoni, nani atajua. Mumewe alifura. Alisema hajawahi kudanganya mgeni nyumbani kwake na hataanza uzeeni, ni heri awape tempe. "Umpe muuza tempe tempe," alisema Bu Sudarti, akaenda zake jikoni.

Wageni walifika mchana. Rasikun hakutaka kupumzika, alitaka kumwona mvuvi kazini, kwa hiyo wakaenda ufukweni wawili. Pak Marwoto alirusha, na kwa kuwa alikuwa akitazamwa alirusha kwa nguvu zaidi. Watu wakamsifu. Rasikun, ambaye kwao uvuvi ni kama kupumua, alikunja uso, akafungua kinywa, lakini adhana ya alasiri ikamkata. Wakauacha ufito umesimama kwenye bomba lake la mianzi mchangani, wakapanda kwenda msikiti mdogo ulio nyuma ya vichaka vya mikadi.

Walipokuwa wakirudi, Kang Tukijan alikuja mbio kuwalaki, akisema mshipi umevutwa.

Jamani, furaha ya mtu yule. Alikimbia kama kijana, kofia ikaruka, hakuiokota. Akazungusha, akazungusha, mshipi ukaja kwa uzito mwororo bila kupigana hata kidogo, na kwenye povu la wimbi akatokea changu mwekundu, mkubwa, wa kutosha wakwe wote. Watu wakamzunguka wakimpongeza. Machozi yalimlenga. Alimwinua samaki kwa mikono miwili akamkabidhi mkwe mwenzake.

Rasikun alimpokea. Akampima kwa mkono, akamfunua mashavu kwa kidole gumba, akachungulia ndani, akamnusa, akamlaza mchangani.

"Mkwe mwenzangu," alisema, kwa sauti yake ileile, "samaki huyu amenunuliwa. Mashavu yameshatolewa. Na ni baridi, ametoka kwenye barafu."

Hakuna aliyecheka. Wote walijitia hamnazo, mmoja akitazama mawingu, mwingine akifungua fundo ambalo halikuwepo. Pak Marwoto aliwatazama mmoja mmoja mpaka macho yake yakafika kwa Kang Tukijan, na Kang Tukijan akatazama miguu yake.

Hapo damu ikamchemka. Aliuliza ni nani aliyethubutu. Alisema hajaiba, hajaomba, hajamtuma mtu, na leo wamemuumbua mbele ya mkwe wake kama tapeli wa mnadani. Kang Tukijan akaeleza kwa sauti ndogo kwamba walisikia habari za wageni, wakachangishana, wakaona vibaya mzee aaibike.

"Na huu mshipi?" aliuliza Rasikun, ambaye hakuwa na habari kwamba kwetu Bantul mazungumzo kama hayo huishia hapo. "Anarusha ndoana tupu. Chambo kilikuwa kinaruka hewani kama panzi, nimekiona kwa macho yangu. Mmesimama naye hapa tangu lini, nyie?"

Pak Marwoto aliokota ufito wake mchangani, akaitazama ndoana. Akaelewa. Zile alasiri zote, zile sifa zote, walikuwa wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mlikuwa mnaona," alisema. "Wote mlikuwa mnaona. Kwa nini hamkuniambia?"

Kang Tukijan aliinua uso, na uso ule haukuwa na tabasamu.

"Niliwahi kukuambia, Pak Carik. Si hili. Ule mtaro wa kijiji, enzi za ofisi yako. Nilisimama kwenye mkutano nikasema ukichimbwa vile, maji yataingia nyumba za kusini. Ukaniuliza nimesomea wapi. Watu wakacheka, nikakaa. Mvua ikaja, mama yangu akalala juu ya meza ya kulia mpaka maji yalipokauka, na kikohozi cha siku zile hakikumwacha hadi tunamzika. Tangu hapo nani akuambie kitu?"

Pak Marwoto alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tayari, kamili: kwamba mchoro ulitoka wilayani, kwamba yeye alitia sahihi tu, kwamba mvua ya mwaka ule haikuwa ya kawaida. Lilikuwa jibu zuri, na alilijua kwa moyo. Alifungua kinywa. Rasikun alikuwa akimtazama, watu wote walikuwa wakimtazama, na jina lake lote lilikuwa limelala pale mchangani pamoja na yule changu. Akakifunga.

"Haya," alisema. "Niambieni. Ninakosea wapi?"

Wakatazamana. "Umeshajua, Pak Carik," alisema mmoja wao kwa mazoea. "Bado kidogo tu."

"Sijajua kitu," alinguruma.

Kang Tukijan akasogea akamnyang'anya ule ufito mkononi, bila kuinama wala kuomba radhi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa Pak Carik. "Kwanza unarusha kama unaua nyoka," alisema. "Pili, chambo hufungwa uzi, hata mtoto anajua. Tatu, samaki wako hapa, wewe unawatafuta Australia."

Mwingine akadakia kwamba chubwi lake la kuzamishia ndoana ni la mviringo, linabingirika na mkondo na kuisokota mishipi ya wenzake, na wao ndio wanaoifumua akiondoka. Mwingine akasema anaongea mno. Mama muuza chai, aliyeshuka kuona kuna nini, alisema amechoka kuitwa kwa kupigiwa makofi. Mzee mmoja wa nyumba za kusini akasema, bila kumtazama, kwamba mtaro ule hadi leo unaingiza maji.

Kila neno lilimchoma. Masikio yalimwaka, mishipa ya shingo ikamsimama, na kwa kila mmoja alikuwa na la kumjibu, tena la kumkalisha. Alilimeza. Likaja jingine, akalimeza nalo. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile katika miaka yake yote ya ofisi.

Waliponyamaza, alivuta pumzi.

"Na nini kingine?" aliuliza, sauti ikimtetemeka kwa hasira.

Wakaendelea kumwambia.