Anselmo Kwenye Kituo cha Baraza

Jumanne saa tatu asubuhi Cresing, ambaye majirani humwita Manang, yaani dada mkubwa, alipangusa kioo cha televisheni, akaweka mbele yake kisahani cha atang, chakula cha marehemu: wali wa kunata na nazi. Kisha akafungua orodha ya vituo vya bure, vile ambavyo wenyewe wameviweka mtandaoni ili kila mtu atazame. Ni mia mbili na ushei. Nusu havifunguki, vingine vinakwamakwama. Yeye alitaka kimoja tu, cha baraza la mkoa.

Kikafunguka. Marehemu mumewe, Anselmo, alikuwa amekaa safu ya nyuma ukumbini, amevaa shati alilozikwa nalo, mkono juu. Ulikuwa mwezi wake wa tano akiomba nafasi ya kusema. Kampuni ya mchanga ilichimba mto mpaka ukingo ukaporomoka naye, na leo kibali cha kampuni hiyo kilikuwa kinapigiwa kura.

Jirani yake Benita akaingia na kahawa yake mkononi.

"Manang, bado na haya ya bure? Kuna mtu anauza vituo vyote, mpaka ndondi."

"Vya wizi hivyo."

"Vya wizi, lakini havikwami."

"Na Anselmo yumo?"

Benita akatazama kioo. "Kakonda."

"Si mimi. Ni askari wa mlangoni, hataki chakula ukumbini."

Hata hivyo wali wa kisahani ulikuwa umepungua, na Anselmo alikuwa akijifuta mdomo kwa mkono wa kushoto.

Mwenyekiti akamwona. "Mzee wa nyuma, dakika tatu."

Anselmo akasimama mbele ya kipaza sauti. Midomo ikaenda, sauti haikuja. Benita akaipiga televisheni ubavuni.

"Iache, haina kosa," alisema Cresing. "Wamezima huko kwao."

Alikuwa ameishi naye miaka arobaini na mmoja, hivyo akaisoma midomo yake kwa sauti. "Anasema nyumba tisa zimekwenda. Anasema waliahidi ukuta. Anasema Benita anywe kahawa yake, inapoa."

Benita akanywa.

Mwenyekiti akashukuru. Katibu akasoma alichoandika: hakuna pingamizi. Mikono kumi na mmoja ikainuka, kibali kikapita, miaka kumi mingine. Nje lori la mchanga lilipita, madirisha yakatetemeka kidogo.

"Sasa?" Benita akauliza.

"Jumanne ijayo wana ajenda ya paa la soko."

"Naye ana la kusema juu ya paa?"

"Ana la mchanga," alisema Cresing. "Njoo mapema, kituo kinachelewa kufunguka."