Chupa Chini ya Blanketi

...na angalau angegeuza uso, lakini hapana, mama mukwe Bernardine amekaa palepale miguuni pa kitanda changu hapa wodini, macho kwangu, na mimi nimeshika chupa chini ya blanketi kama mtu aliyeiba, na hakuna kinachotoka, tangu jana waliponirudisha hapa Uvira hata tone, masera Louise, mtawa anayetuuguza, amenieleza wazi, ile dawa waliyonichoma kwenye mshipa wa paja kule Bujumbura, ili mashine ione damu inapokwama kabla ya kufika huu mguu wangu unaopoa kama wa maiti, lazima ipitie kwenye figo, na kuna figo zikiipokea zinachoka, zinaacha kazi, basi kunywa maji, Octave, kojoa, Octave, nami nimekunywa mpaka tumbo linacheza kama pipa kwenye lori, lori langu la pamba, Simba wamelichukua, wapiganaji wanaosema mganga akiwamwagia maji risasi nazo zinageuka maji, mimi nayanywa yanageuka saruji... “Inakuja?” anauliza mama mukwe, inakuja! mwanamke ambaye tangu nimuoe binti yake namwamkia nikitazama chini, nikimwona njiani naingia kwenye mihogo ya watu ili apite, leo ananiuliza kama inakuja, “Bado, mama,” nasema, jasho linanitiririka, jasho lenyewe halikosi njia, na siku ya uhuru nilipanda juu ya lori kule Makobola nikacheza mbele ya umati, suruali ikapasuka nyuma, sikujali, leo mtu mmoja tu ananifunga mkojo... au si haya, labda figo zimelala kweli, nitajuaje, mke wangu Félicité yuko Runingu na mimba, barabara imefungwa, ndiyo maana amebaki mama yake... “Mama, ungetoka kidogo, upunge hewa.” “Inje beko banapiga masasi, mukwe.” Kweli, wanapiga, sasa nimfukuze mama wa watu akapigwe risasi ili nikojoe? nitamwambia nini Félicité?... na masera huyu hapa, anafunua blanketi bila hodi, anatazama chupa, “Jua likizama bila kitu, tutatafuta mashua ikurudishe Bujumbura,” mashua, ziwani, katikati ya vita, anaondoka, na mama mukwe amesimama, analia, sijapata kumwona akilia, “Weye, Octave, iko unanionea haya? Minye niliuguza bwana yangu, nilimupangusa kila kitu mpaka siku ya mwisho, na weye unataka kuacha mutoto wangu mujane juu ya haya?” anageukia ukuta, anaziba masikio, anaanza wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya, Mungu anisamehe, sauti ya mbuzi aliyekwama kwenye ua, na mimi namtazama mgongo unavyotetemeka, huyu aliyesema siku ya harusi kwamba nanuka mazutu, mafuta ya lori, kumbe ananitaka hai, hata hivi nilivyo, na chupa yangu, na mguu wangu, na kitu kinalegea, kwanza kifuani, halafu chini, polepole, halafu chupa inapata joto mkononi... kidogo, rangi ya chai nzito, lakini inatoka, inatoka, naye anapungukiwa pumzi, anataka kunyamaza, “Usiache, mama!” napiga kelele, “imba, imba bado!” na wodi nzima inamwitikia.