Muulize Aliyekuuzia

Garissa haina mlima hata wa kumchosha mbuzi, lakini Abdihafid, mtoto wa dada yangu, alirudi kutoka Nairobi na baiskeli ya mlimani. Nilisubiri kwanza nione viatu.

Mimi Ardo huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikiuza viatu sokoni. Juu ya meza yangu nimechomeka mwiba wa mgunga, na kila soli inayouzwa hapa hupimwa nao kwanza. Mwiba ukipenya, kiatu hicho ni cha kuvaliwa kwenye zulia. Jaribio la pili ni la msikitini: swala imeshaanza, umechelewa, kiatu kikutoke mguuni bila kukigusa kwa mkono. Mwenye kamba ndefu atazikosa rakaa mbili akifungua mafundo.

Abdihafid alivaa vyeusi vya kung'aa, vyenye kichuma chini ya soli. Alitembea ka, ka, ka, kama punda juu ya lami.

"Habaryar," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mama mdogo, "kichuma hiki kinang'ata pedali. Mguu haubanduki, nguvu yote inaenda kwa baiskeli."

"Na ukitaka kushuka?"

"Unazungusha kisigino, kinaachia."

"Kumbe umenunua kiatu cha kukufunga, halafu ukajifunza kujifungua. Mashallah."

Nikamtolea jozi yangu: raba bapa, soli nene, mkanda mmoja wa kubana. Hakuigusa hata kwa kidole.

"Hivi ni vya wachunga mbuzi."

Babu yake alichunga mbuzi. Mimi nilichunga mbuzi. Yeye mwenyewe alikuzwa kwa maziwa yao. Nilimvua kiatu kimoja nikakikandamiza kwenye mwiba, na mwiba haukupenya. Hilo sikulitangaza.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, kilomita arobaini kwenye njia za mifugo, na mshindi peke yake ndiye angeingia timu ya kwenda Nyeri. Abdihafid ana miaka ishirini na tisa. Alikuwa ameacha kazi ya ofisini kwa ajili ya nafasi hiyo moja, na mama yake alikuwa hapati usingizi.

Ijumaa baada ya swala akaja tena. Safari hii alikuwa amevishika viatu mkononi, na kile kiburi cha Nairobi sikukiona usoni.

"Habaryar, wewe unajua viatu. Nimesikia njia inavuka laga. Mchanga utanisumbua?"

Nilijua. Kila aliyewahi kuvuka laga, mto wetu usio na maji, anajua kwamba humo hupandi baiskeli, unaisukuma, na ule mchanga mwembamba unajaa kila tundu. Kichuma kikishashiba mchanga hakitang'ata kitu. Ilikuwa sentensi moja tu, na raba za saizi yake zilikuwa bado rafuni. Lakini "wachunga mbuzi" lilikuwa bado limenikwama kooni.

"Muulize aliyekuuzia," nikasema, nikaendelea kupanga ndara.

Jumamosi nilifunga duka, nikachukua mwavuli, nikaenda lagani. Sitadanganya, nilikwenda kucheka. Abdihafid alitokea wa kwanza, peke yake, wenzake hata vumbi lao halijaonekana. Vile vichuma nilivyovidharau vilikuwa vimefanya kazi. Akashuka, akasukuma, akatoka ng'ambo, akapanda. Mguu ukateleza. Akapiga kiatu kwenye jiwe, akachokoa mchanga kwa kijiti, akapanda tena. Mguu ukateleza tena, pedali ikamchana muundi, akaanguka na baiskeli juu yake. Nuh, muuza maziwa, akampita akiwa amevaa akala za tairi. Wengine wakafuata.

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka watu wakageuka.

Jioni alikuja dukani akichechemea, mguu umefungwa kitambaa, peku. Methali yangu nilikuwa nimeiandaa tangu lagani, sikumpa hata nafasi ya salamu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akaviweka vile viatu mezani, kando ya mwiba. Mchanga ukamwagika.

"Mimi nilikuja kusikia, habaryar," akasema. "Mkuu hakusema."