Gari la Wifi Juani

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alifundisha watu kuendesha, kwa gari lake dogo la umeme lenye breki za ziada upande wa abiria, na gari hilo ndilo lililomlisha. Kabla mwanafunzi hajagusa usukani, alipewa kwanza somo la betri.

"Usiijaze mpaka mia kila siku, themanini inatosha. Usiiache ishuke chini ya ishirini. Egesha kivulini. Zile chaja za haraka za barabarani ni za dharura, usizifanye mazoea."

Mwanafunzi mmoja, mpishi wa hoteli, alimwambia, "Mwalimu, betri yako inakula kwa ratiba kuliko mume wako." Mwalimu alicheka mpaka wakapitiliza kona.

Uani kwao palikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, na chaja moja tu ukutani. Umeme wa pale haukuweza kubeba chaja mbili. Walijaribu mara moja, nyumba zote zikazima. Katika nyumba ya pili alikaa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, wakala wa bima, ambaye watu walimwita Dada Bima. Naye alikuwa na gari la umeme, kubwa, la mtumba, toleo la zamani lisiloongea na simu. Walikubaliana kupokezana: jioni moja huyu, jioni inayofuata yule.

Dada Bima hakuwa mtu wa zamu. Alipenda kuona mia kwenye dashibodi, kila siku ya Mungu, na akikuta gari la mwenzake limechomekwa alichomoa, akachomeka lake, akaingia ndani. Mwalimu alimlalamikia mara mbili. Mara ya pili alijibiwa, "Wifi, si wewe unayesema betri isijae? Nimekusaidia."

Mwalimu alimeza. Alikuwa ameolewa kwenye familia ile, na mumewe, mwokaji wa mikate, alimheshimu dada yake kama mama.

Kisha mama yake Mwalimu akalazwa hospitali, mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale. Jioni moja wakiwa wanaanua nguo, Mwalimu alimwambia wifi yake, "Hali ya mama si nzuri. Leo ni zamu yangu, naomba uniachie chaja. Wakinipigia, naondoka saa hiyo hiyo."

"Usiwe na wasiwasi wifi. Mungu atasaidia," alisema Dada Bima, kibanio cha nguo mdomoni.

Saa kumi na moja alfajiri simu ililia. Ni mdogo wake. "Dada, njoo. Mama anakuulizia wewe tu."

Mume alikuwa kazini kwenye tanuri. Mwalimu alitoka na viatu mkononi, akakuta waya aliouchomeka jioni umehamishiwa kwenye gari la wifi yake. Mia. Lake lilikuwa na asilimia kumi na moja.

Aligonga mlango wa Dada Bima kwa kiganja, kisha kwa ngumi. "Wifi! Mama anakufa! Niazime gari, wifi!" Hata pazia halikutikisika. Aligonga mpaka kifundo kikachubuka, halafu akaingia kwenye gari lake na kulipeleka polepole, bila taa za ndani, bila kiyoyozi, mpaka kwenye chaja ya haraka ya barabara kuu.

Alikaa pale dakika arobaini. Hakuna alichoweza kufanya ila kutazama namba ikipanda. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Alijikuta akiihimiza kwa sauti, kama mtu anayemsukuma mtoto apande ngazi. Ilipofika hamsini na mbili simu ililia tena, na mdogo wake alikuwa analia tu.

Siku ya tatu ya msiba, Mwalimu akiwa nyuma ya mlango na trei ya vikombe, alimsikia Dada Bima akiwaambia wanawake, "Jamani nampa pole, lakini mambo mengine ni kujipanga. Una mgonjwa mahututi, halafu gari huchaji?"

Wanawake waliguna kukubali. Mwalimu aliingia, akagawa chai, wifi yake akampa kikombe kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yamemkauka. Tangu siku hiyo hakugombana naye tena, na mumewe alidhani yameisha.

Miezi minane baadaye ofisi ya bima ilimpeleka Dada Bima masomoni, miezi mitatu. Siku ya kuondoka alilichaji gari lake mpaka mia, akaliacha kwenye kibanda chenye paa, akaja na ufunguo.

"Wewe ndiye daktari wa betri," alisema. "Nitunzie, wifi."

"Nitakutunzia kama ulivyonitunzia mimi," alisema Mwalimu, na wakakumbatiana.

Alijua kabisa anachotakiwa kufanya. Gari la kukaa muda mrefu hushushwa mpaka nusu, huwekwa kivulini, huangaliwa kila baada ya wiki mbili. Yote hayo aliwafundisha wageni bure. Teksi ya Dada Bima haijamaliza mtaa, Mwalimu alishaliwasha lile gari, akalitoa kibandani na kuliegesha katikati ya uwanja, mahali ambapo jua lilipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Betri iliyojaa, juani. Aliliacha hivyo mwezi mzima. Bodi lilikuwa linachoma mkono.

Mwezi wa pili alianza kulitembelea. Kila siku saa saba mchana, kati ya mwanafunzi wa asubuhi na wa alasiri, alichukua bakuli lake la chakula, akaingia, akafunga vioo, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Alikula kwenye ubaridi huku akiitazama dashibodi. Tisini na tatu. Themanini na nane. Safari hii namba ilikuwa inashuka, na hakuwa na haraka. Alipomaliza kula alilaza kiti, akaacha taa zote zikiwaka.

Jioni Dada Bima alipiga simu. "Mwanangu hajambo?" Alimaanisha gari.

"Hajambo. Amelala."

Siku moja mumewe alirudi mapema, akafungua mlango wa gari. "Unafanya nini humu?"

"Napunga hewa."

Mwokaji alitazama dashibodi. Thelathini na nne. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka kumi na miwili, somo la betri alilijua kwa moyo. "Mke wangu, hili ni gari la dada."

"Najua ni la nani."

Mumewe alipangusa unga kwenye nyusi. Kisha akaurudisha mlango taratibu na kwenda kuoga. Hawakulizungumza tena.

Ilipofika sifuri na dashibodi kuzima yenyewe, Mwalimu alifunga gari, akaweka ufunguo kabatini. Chaja ilikuwa hatua sita kutoka pale. Hakuchomeka. Aliliacha na njaa hiyo wiki sita, na wiki hizo alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

Dada Bima alirudi na mikufu mipya na hadithi nyingi. Gari halikufunguka. Walichomeka chaja, haikutoa hata mlio. Ikabidi aitwe fundi, akaja na kompyuta yake, akakaa chini karibu na tairi saa nzima.

"Mama, betri hii imekwisha," alisema. "Ilipikwa na jua ikiwa imejaa, halafu ikaachwa tupu. Na waliokuuzia hawatakubali kubadilisha, maana gari lenyewe limeandika kila kitu." Aligeuza kioo cha kompyuta. "Tena kuna mtu alikuwa anakaa humu. Tazama. Kila siku saa saba mlango unafunguliwa, kiyoyozi kinawashwa. Siku kumi na tisa mfululizo."

Dada Bima aligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pake, amekunja mikono.

"Wifi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliona linakufa?"

"Niliona kila asilimia."

Dada Bima alishika kichwa, akapiga kelele mpaka majirani wakajaa ukutani. Alimwita mchawi, alimwita nyoka. "Gari langu! Nilikukosea nini mimi?"

"Asubuhi ile nilikugongea mlango."

"Nilikuwa nimelala! Nilikuambia tangu msibani! Na hata ungewahi, mama yako angekufa tu!"

"Angekufa," alisema Mwalimu. "Ila angekufa nimemshika mkono."

"Kwa hiyo mimi ndiye Mungu? Nina mteja saa mbili, wewe unapiga mayowe nje, nikupe gari nibaki na nini?"

Fundi aliacha kukunja nyaya zake. Dada Bima alisikia alichokisema baada ya wengine wote kukisikia. Mkono ulimwenda mdomoni.

Mwokaji alikuwa ametoka na taulo begani. "Dada," alisema, "ulikuwa macho?"

Dada Bima alitazama chini.

"Ulimsikia mke wangu, ukanyamaza. Halafu ukaja kukaa msibani." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nilimwona akiliua gari lako, nikanyamaza. Ujue na hilo."

Dada Bima aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, miguu imepanuka, kama mtu aliyeshushiwa mzigo vibaya. Majirani waliondoka mmoja mmoja. Fundi alikusanya vitu vyake na kuaga kwa kichwa.

Mwezi haukuisha Dada Bima akahama, akapanga karibu na ofisi yake. Gari lilivutwa na mtu anayechambua betri chakavu na kuchukua vipande vilivyo vizima ili atengenezee taa. Mtaani maneno yalikuwa mengi. Wengine walimpa Mwalimu haki, wengine walisema mtu anayeweza kutabasamu hivyo kwenye simu kwa miezi mitatu si wa kukaa naye jirani, na wanafunzi wawili walihamia kwa mwalimu mwingine. Mama mkwe alimtumia ujumbe mrefu akimtaka aombe msamaha. Aliusoma mpaka mwisho, akajibu, "Shikamoo mama. Akiomba yeye kwanza, nitafikiria."

Mpishi wa hoteli, ambaye sasa alishapata leseni, alikutana naye sokoni akamuuliza bila kuzunguka kama moyo unamsuta.

Mwalimu alipima swali lile, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Kilichoniuma ni kitu kimoja," alisema. "Siku lile gari lilipozima, nilitaka nimwambie mama."

Kisha akatazama saa, akasema ana mwanafunzi saa tisa, akaondoka.