Miaka ya Kitinda

Saa moja na nusu asubuhi, katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, binti aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba kwao alikuwa akikunja taulo. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuja kufanya kazi mpaka shule zifunguliwe, basi.

"Leo utashika rola," msimamizi alimwambia.

Rola ilikuwa pasi ya mvuke, pana kama kitanda. Kinga ya vidole ilikuwa imeondolewa zamani, ati inachelewesha kazi.

"Bango la ukutani linasema lazima uwe na miaka kumi na minane."

"Bango halipigi pasi, binti." Msimamizi alifungua daftari la wafanyakazi, akafuta kumi na mitano, akaandika kumi na minane.

Kufikia saa nne gauni lilikuwa limembana Kitinda mabegani na viatu vimemkataa. Mama mmoja aliyekuwa akikunja taulo pamoja naye akamwazima kandambili.

"Umekua, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Wakaendelea na kazi.

Wiki iliyofuata tanuri la mvuke lilikosa mtu. Sheria ilitaka mwenye uzoefu wa miaka kumi, na msimamizi hakuwa mtu wa kuvunja sheria: akaandika thelathini na mitatu. Jioni ile Kitinda alirudi nyumbani na mikunjo miwili kando ya mdomo. Kisha ikaja dawa ya madoa, ambayo haikufaa kushikwa na mwanamke anayeweza bado kuzaa. Msimamizi akaandika sitini na mmoja. Nywele zikawa nyeupe kabla ya chai.

Ijumaa akaja mkaguzi, kijana mpole, kwa sababu ilisemekana kiwanda kinaajiri watoto. Alizunguka vyumba vyote, akamkuta Kitinda kwenye mapipa ya dawa, mikono imebabuka hadi viwikoni.

"Bibi, umewahi kuona mtoto akifanya kazi hapa?"

"Mtoto ni mimi, baba."

"Kweli, bibi. Mbele za Mungu sote ni watoto," mkaguzi alisema kwa heshima. Akaandika kwamba hakuona mtoto, akagonga muhuri kwenye daftari.

Jioni Kitinda alimfuata msimamizi. "Nirudishie miaka yangu. Jumatatu shule zinafunguliwa."

"Ningekurudishia, haki ya Mungu. Lakini daftari likishagongwa muhuri halifutwi."

Nyumbani mama yake alikuwa amepiga magoti, akimwombea mwanawe mwaka mwema wa masomo. Sare ilikuwa kitini, imenyooshwa. Mama alimaliza sala yake bila haraka, akasema amina, akageuka. Alimtazama mwanawe kuanzia nywele hadi kandambili. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane, na alilelewa vizuri.

"Shikamoo," alisema.

Kitinda alijaribu kupitisha mkono kwenye sare. Ukakwama kiwikoni.

"Marahaba, mama."

Mama akamsogezea kiti, akaenda kutafuta mafuta ya kumpaka mikononi. Jumatatu Kitinda alikuwa na zamu ya mapipa.