Jina Kamili na Kijiji

Asnath alikuwa amechoka kukimbiwa na manesi. Watatu ndani ya miaka miwili, jamani! Mmoja hakumaliza hata wiki. Aliaga anakwenda Igunga mjini kununua sabuni, na mpaka leo bado ananunua. Ndiyo maana alipokwenda Tabora kufanya usaili hakuanza na vyeti. Alimtazama yule binti wa Ulyankulu, Rustika, akamuuliza, "Ukirukiwa na damu usoni, utanikimbia?"

"Nitanawa, mama," Rustika akajibu.

Akamchukua palepale. Wiki nzima akawa anazunguka naye katika zahanati ndogo ya Choma aliyokuwa akiisimamia, akimwonyesha dawa zinapokaa, mlango unaokwama, na jiko la mkaa linalochemsha vifaa umeme ukikatika. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka likachosha: mgonjwa anaitwa kwa jina kamili na kijiji chake, kwa sauti, hata aliyeko mwisho wa benchi asikie. Mwaka uliopita wanawake wawili wa jina moja walipishana dawa, na mmoja nusura azikwe.

"Ukininong'onea majina hapa," alimwambia, "nitakurudisha kwenu kwa miguu."

Alhamisi asubuhi, umeme ukiwa umekatika, aliletwa mama mwenye uchungu. Asnath akaingia naye chumba cha kujifungulia, mapokezi akamwachia Rustika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwachia.

Kilichotokea mapokezi Asnath alisimuliwa baadaye. Alikuja mwanamume amejifunika shuka mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya chini kwamba amejikata bega kwa shoka. Rustika akamwandika, akamwambia akae asubiri kidogo, yeye akaandae bandeji. Nyuma yake wakaja wanaume watatu wazima wa afya, wakasema wamemsindikiza mgonjwa, wakakaa. Usiku uliopita ng'ombe walikuwa wameibwa, mwano, lile yowe la hatari, ukapigwa, kijiji kizima kikatoka, na katika giza mwizi mmoja akapigwa panga la bega akaponyoka. Wale watatu walikuwa miongoni mwa waliomfukuza, ila sura yake hawakuiona. Mwenzake aliyekamatwa ndiye aliyemtaja, jina na kwao. Kama kweli aliiba au alisingiziwa, Mungu ndiye ajuaye. Hakuna aliyesubiri kumuuliza.

Asnath alikuwa amekishika kichwa cha mtoto kinachotoka aliposikia sauti ya Rustika kupitia ukutani, kali, safi, haina hata chembe ya woga:

"Lugembe Ngollo Masanja! Wa Ziba!"

Moyo wake ukajaa furaha. Huyu sasa ndiye nesi, alijisemea.

Hapo benchi likapinduka. Watu wakapiga kelele. Asnath alimpokea mtoto, akamlaza kifuani mwa mama yake, akatoka mbio na glovu zake za damu.

Lugembe alikuwa chini. Wawili walimpiga marungu kichwani, mmoja huyu, mmoja yule, kwa zamu, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Wa tatu alikuwa na panga. Rustika alimlalia mgonjwa, akalia, "Mwacheni! Mwacheni!" Rungu likatua mkononi mwake na mfupa ukasikika. Yule wa panga akamvuta kwa nywele, akamtupa kando, akashusha panga shingoni mwa Lugembe.

"Washenzi nyie!" Asnath alinyakua sufuria ya vifaa jikoni, akawamwagia maji yanayotokota, makasi na koleo ndani yake. Mwenye panga alishika uso akilia kama fisi. Wakatoka wakigongana mlangoni.

Asnath akapiga magoti, akakandamiza ile shingo kwa mikono miwili. Damu ikapita kati ya vidole vyake. Alikandamiza, akamtukana Lugembe, akambembeleza, akakandamiza. Lugembe alikata roho akimwangalia.

"Mimi ndiye niliyemwita," Rustika alisema, mkono wake ukining'inia. "Mama, mimi ndiye niliyewapa."

Asnath akachukua ile bandeji, akamfunga mkono. Sauti ilikuwa ya binti, lakini amri ilikuwa yake, na jambo hilo lilimchoma rohoni.

Mchana walifika watu wa Ziba. Fikiri, kaka wa marehemu, alitangulia na rungu mkononi, macho mekundu. Alifunua shuka, akamtazama mdogo wake. Kisha akageuka.

"Wameniambia ni nesi aliyemtangaza. Nesi yupi?"

Rustika akapiga hatua mbele. Asnath akamsukuma nyuma kwa kiwiko.

"Mimi."

Rungu lilimpata begani. Asnath akaanguka juu ya meza ya mapokezi, akasikia mtulinga ukivunjika. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

"Siye yeye!" Rustika alipiga ukelele. "Kaka, siye! Ni mi—"

"Funga mdomo!" Asnath alinguruma kutoka chini, mate na damu kinywani. "Wewe uko kwenye majaribio! Hapa hujibu mtu mimi nikiwepo!"

Fikiri aliinua rungu tena. Asnath hakufumba macho.