Muhuri wa Kwanza

Asubuhi ile redio ya gari ilitusomea orodha ya nchi za dunia, kuanzia isiyojua rushwa hadi iliyooza kabisa. Ya kwanza ilikuwa nchi moja ya baridi kali. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu ambaye ndiye dereva wangu, akasema si ajabu: kwenye baridi ile kila mtu mkono wake uko mfukoni, tena mfukoni mwake mwenyewe. Tukacheka. Halafu tukangoja jina letu, tukangoja weee, mpaka nikadhani wametusahau. Hawakutusahau. Tulikuwa wa nne kutoka mkiani, na majirani zetu, hao hao tuliokuwa tunavuka kwenda kwao, walikuwa wa tano.

"Wametupita!" shemeji akafoka, akapiga usukani. "Hata wale?"

Mimi nilikuwa na yangu. Nyuma ya gari kulikuwa na maboksi ya vifaranga wa siku moja, na jua lilishaanza kuuma. Kifaranga wa siku moja hajui kusubiri. Joto likimzidi analala ubavu, basi. Nilikuwa nimeuza cherehani yangu na ya dada yangu ili kuwanunua, na dada alikubali kwa shingo upande. Wakifa hawa, sikuwa na uso wa kurudi nao nyumbani.

Ofisi ya mpakani ni chumba kimoja chenye nchi mbili. Katikati ya sakafu umepita mstari wa rangi ya manjano. Upande huu anakaa ofisa wetu, tunayemwita Kitambi, na upande ule anakaa wa kwao, Miwani. Wana birika moja, feni moja, na kidau kimoja cha wino wa mihuri kinachokaa kwenye kistuli juu ya mstari. Utaratibu haujawahi kubadilika: unampa Kitambi kibali cha mifugo kilichokunjwa, ndani yake noti mbili. Anachukua yake, anagonga, anavusha karatasi. Miwani naye anachukua yake, anagonga. Chai yao haipati hata nafasi ya kupoa. Na hakuna anayekuomba kitu, maana kuomba wanaona ni ushamba.

Siku hiyo nilimkuta Miwani anang'aa kama bwana harusi, na Kitambi amenuna. Akakunjua kibali changu, akaziona noti, akarudisha mkono kama aliyeungua.

"Mama, unataka kutushusha tena?"

"Kuwashusha wapi, mkuu?"

"Wametuzidi nafasi moja tu! Moja! Ondoa hela zako hapa."

"Msikate tamaa, ndugu yangu," Miwani akasema kutoka ng'ambo ya mstari, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. "Hata sisi tulianzia huko huko."

Nikazirudisha noti kifuani, nikadhani leo napita bure. Kumbe. Kitambi alivuta droo, akatoa kitabu cha kanuni, akakipuliza vumbi. Kanuni ilisema mifugo yote ihesabiwe, mmoja mmoja. Miwani hakukubali kushindwa, akafungua cha kwao. Chao kilisema nisivuke bila daktari wa mifugo kutoka mjini, na daktari angefika kesho, Mungu akipenda. Walisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, maana ndiyo kwanza wanaviona.

Shemeji akachungulia mlangoni. "Shem, wawili wamelala ubavu."

Hapo nilipandwa na mori. Nilikuwa radhi wanile hela kuliko wanile vifaranga.

"Nisikilizeni nyie! Mnadhani watafiti wa ile orodha wanakuja kuwauliza ninyi? Mwizi gani anaulizwa kama ameiba? Wanatuuliza sisi tunaopita hapa. Mimi walishanipigia simu."

Uongo mtupu. Simu ya mbali kuliko zote niliyowahi kupokea ilitoka kwa mama mkwe.

Miwani akavua miwani. "Walikuuliza nini?"

"Hongo, na kucheleweshwa. Vyote viwili vina alama sawa. Wakipiga tena nitawaambia nani alinigongea muhuri wa kwanza, na nani aliniulia vifaranga."

Waliruka pamoja. Kitambi alitangulia kwa tumbo, Miwani akatangulia kwa mkono, wakakamatana kwenye kidau, huyu anavuta, yule anavuta, wino ukawarukia mashati. Miwani akakata tamaa ya wino, akahemea muhuri wake, hah, hah, akagonga. Kitambi naye akagonga. Mihuri ikapandana palepale, na kila mmoja akaapa kwamba wake ndio uko chini.

Bila senti moja! Nikawashukuru, nikawapa mkono wote wawili. Na mkono huo huo, jamani, sijui nani aliutuma, ukapita kifuani, ukatoa noti mbili, ukaziweka juu ya kistuli.

Wote wawili wakazitazama noti.

"Mama," Miwani akasema polepole, "tulikuwa tumeanza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya ofisa yeyote. Nikanyoosha mkono nizichukue, lakini feni ikawahi kuzipeperusha hadi sakafuni. Kiatu cha Kitambi kikaikanyaga moja.

"Usijisumbue, mama," akasema, akiangalia dirishani.

Miwani alinitazama kitambo, kana kwamba anangoja niseme neno. Nikachukua kibali changu, nikakikunja. Akavaa miwani yake, akasogeza kiatu kwenye ile nyingine.

Nje, shemeji alikuwa ameshawanyunyizia maji. Mmoja wa wale wawili alinyanyuka, mwenzake hakuamka. Wengine wote walikuwa wazima, wanapiga kelele za kuziba masikio. Kizuizi kikainuliwa, tukavuka na vioo vimefunguliwa.

"Umewapa?" shemeji akauliza.

"Walikataa."

"Acha utani! Wale? Ikawaje sasa?"

"Nikawapa."